Mama kaniapisha nisiseme kuwa ameacha dawa za presha, na operesheni inakaribia

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wetu, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu kwa mama yangu na hajui kama nimelitoa nje.

Mama ana miaka 63. Alituzaa sita, wote kwa njia ya kawaida, na mimi ndiye kitinda mimba. Tangu baba afariki naishi naye. Kwa muda mrefu alikuwa akitembea kwa shida na kukwepa kukaa na wenzake shughulini, sisi tukadhani ni magoti. Kumbe kizazi kimeshuka. Aliniambia mimi peke yangu, na mpaka leo kaka zangu wanajua tu kwamba ana "uvimbe". Tulipokwenda hospitali, daktari wa kina mama akasema dawa yake ni kukitoa kwa operesheni. Kaka yangu mkubwa aliye Dar es Salaam akaahidi kubeba gharama zote ambazo bima haitalipa.

Siku ya operesheni tulifika alfajiri. Mama hajala, ameshavalishwa gauni la thieta, wakampima presha: 194 kwa 112. Wakamwacha apumzike, wakapima tena: 188 kwa 110. Mtaalamu wa usingizi akasema hawezi kumlaza kwa presha hiyo wakati jambo lenyewe si la dharura. Turudi baada ya wiki 6 na mama aendelee na dawa zake. Kaka, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini akasafiri usiku kucha, aliongea maneno makali pale koridoni mpaka nikaona haya.

Asichokijua kaka, wala daktari, ni kwamba mama hamezi dawa. Ameandikiwa atenololi, losatani na ile ya kukojosha. Anazimeza siku chache kabla ya kliniki ili daftari lionyeshe namba nzuri, akitoka kliniki anaziweka kabatini. Daftari lake linasoma 140 kwa 88, au hapo hapo. Majuzi nilimpima nyumbani kwa mashine ya jirani, nikakuta 182. Badala ya vidonge anakunywa unga wa mlonge, na asubuhi juisi ya kitunguu saumu na tangawizi anayosagiwa na shangazi. Kwa ajili ya magoti ananunua diklofenaki duka la dawa, anameza karibu kila siku.

Nilipombana akanieleza. Dada yake, mama yetu mkubwa, alikuwa na presha. Miaka mingi nyuma alipelekwa kufanyiwa operesheni, akapigwa nusu kaputi, hakuamka. Msibani watu wakasema vidonge vya presha vilikutana na nusu kaputi mwilini, moyo ukasimama. Mama anaamini hivyo mpaka leo. Anasema siku akiingia thieta anataka damu yake iwe safi. Kisha akachukua msahafu, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, si kaka, si daktari.

Sasa zimebaki wiki 3. Kaka ana rafiki mwenye duka la dawa aliyemwambia kwamba asubuhi ya operesheni tumpe mama kile kidonge cha kutoboa na kudondoshea chini ya ulimi, presha itashuka pale pale, na kwamba siku hizi wanachoma sindano ya mgongoni tu, kwa hiyo presha si kitu. Nikisema, nimevunja kiapo na mama hataniamini tena, pengine hata hospitali atagoma kwenda. Nikinyamaza akafia mezani, nitaishije? Wakati mwingine nawaza nimshauri aachane na operesheni akae na hali yake. Nifanye nini, mama yangu?

Mwenye siri, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ungenisikia ningekwambia kwanza kwamba hali ya mama yako si ya aibu hata kidogo. Kina mama wengi waliozaa watoto wengi wanatembea na kizazi kilichoshuka na hawamwambii mtu. Yeye alikuambia wewe. Kabla ya kufikiria kiapo, fikiria hilo: katika watoto sita, wewe ndiye aliyekuona unaweza kubeba.

Unaniuliza kama useme au unyamaze. Naona kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni hili: mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua nini kuhusu mama, na anakifanyia nini? Ukilijua hilo utaweza kupima mwenyewe uzito wa siri uliyopewa. Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Mtu akilazwa kwa nusu kaputi, presha yake haitulii mahali pamoja. Dawa za kulaza, kama propofoli au thiopentoni, hulegeza mishipa na presha hushuka ndani ya dakika chache. Mpira wa kupumulia ukiingizwa kooni, mwili hushtuka hata kama mwenyewe hana fahamu, na presha hupanda ghafla. Hushuka tena wakati wa kusubiri, hupanda daktari anapoanza kukata, hupanda mgonjwa anapoamka na maumivu au kibofu kimejaa. Kwa mtu asiye na presha, kupanda na kushuka huku huwa ni kwa kiasi. Kwa mtu ambaye presha yake haijatibiwa, mishipa imekuwa migumu kama mpira wa kumwagilia uliokaa juani miaka, basi kila badiliko huwa kubwa. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi haondoki kichwani mwa mgonjwa. Anapima angalau kila dakika 5, na pembeni ana dawa za kupandisha, kama efedrini, na za kushusha, kama labetaloli.

Wengi hudhani hatari iko kwenye kupanda tu. Kushuka nako kunaumiza, na kunaumiza kimya kimya. Mtu aliyeishi na 180 kwa miaka, ubongo wake, moyo wake na figo zake vimezoea kusukumiwa damu kwa nguvu hiyo. Ukimshusha mpaka namba ambayo kwangu au kwako ni nzuri, kwake inaweza kuwa ukame. Kwa hiyo wataalamu wengi hujitahidi presha isisogee zaidi ya asilimia 20 kutoka ile ambayo mgonjwa amezoea kuishi nayo.

Sasa chukua daftari la mama. Linasema kawaida yake ni 140. Asilimia 20 chini ya hapo ni 112, na mtaalamu akiiona 112 kwenye mashine atasema tuko salama. Lakini kama kawaida yake ya kweli ni 180, mpaka wa chini ni 144, na hiyo 112 ni kushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mtu wa usingizi atakuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa, kwa kufuata namba isiyo ya mama. Hicho ndicho siri hii inachokificha, mwanangu. Suala la kumeza au kutomeza vidonge ni sehemu yake tu. Kikubwa ni kwamba hakuna mtu pale hospitali anayejua mwili wa mama umezoea nini.

Nije kwa hofu yake, kwa sababu nakuomba usiione kuwa ujinga. Alichokisikia msibani, madaktari wenyewe waliwahi kukiamini. Miaka ya 1950 kulikuwa na dawa ya presha iitwayo resapini. Wagonjwa walioitumia waliporipotiwa kushuka presha vibaya wakiwa usingizini, madaktari wengi wakashauri iachwe wiki 2 kabla ya operesheni. Baadaye watafiti wa Oxford wakiongozwa na Prys-Roberts walipima wagonjwa wenye presha walipokuwa wakilazwa, wakachapisha matokeo mwaka 1971. Waliokuwa hawajatibiwa ndio waliopanda na kushuka zaidi. Tangu hapo msimamo ukageuka: presha itibiwe kabla, na dawa nyingi ziendelee.

Hata hivyo kuna chembe ya ukweli iliyobaki katika maneno ya mama, na ningependa aisikie. Losatani na ndugu zake huweza kuchangia presha kushuka sana wakati wa usingizi, na wataalamu wengi humwambia mgonjwa airuke siku moja kabla ya operesheni. Ile ya kukojosha mara nyingi huachwa asubuhi hiyo. Atenololi, kwa anayeimeza kila siku, huendelea mpaka asubuhi ya operesheni kwa funda dogo la maji, kwa sababu kuikatisha ghafla kunaweza kurusha presha na mapigo ya moyo juu. Kwa hiyo jibu la kila kidonge ni tofauti, na anayelipanga ni yule atakayemlaza, maana hospitali nazo zinatofautiana. Nafikiri mama angelipokea jambo hili kwa namna nyingine kama angeambiwa: "Umeuliza swali la maana, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kukujibu."

Kuhusu marehemu mama yenu mkubwa, Mungu amrehemu, niulize kitu. Kuna aliyewahi kuambiwa na hospitali chanzo cha kifo? Alipelekwa kwa dharura au kwa miadi? Presha yake ilikuwa inatibiwa, au naye dawa zilikuwa kabatini? Huenda majibu hayapo tena. Lakini maneno ya msibani husemwa na watu waliofiwa wanaotafuta sababu, na mama ameishi nayo peke yake miaka yote hii. Kumwuliza habari za dada yake, siku zake za mwisho, alivyokuwa, kunaweza kufungua mlango ambao kumbana kuhusu vidonge kumeufunga. Usimtupie ile methali ya mficha maradhi. Anaijua, na haijamtoa hofu.

Mtaalamu aliyewarudisha, kaka yako alimwona mkorofi. Mimi naona aliwatendea wema. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2016, kwa operesheni isiyo ya dharura, inaruhusu kuendelea kama vipimo vya kliniki katika mwaka uliotangulia viko chini ya 160 kwa 100. Vikikosekana, basi kipimo cha hospitali kiwe chini ya 180 kwa 110. Unaona sasa kazi ya daftari? Namba nzuri za kliniki zinaweza kumfanya mtu aseme "huyu presha yake ni ya kuogopa hospitali tu, mleteni". Safari hii walikataa. Safari ijayo, kwa daftari lile lile, wanaweza kukubali.

Kile kidonge cha ulimi ni nifedipini, na hapo naomba nisimung'unye maneno: msimpe. Hushusha presha haraka na hakuna anayejua itasimamia wapi; kuna watu waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kushushwa hivyo. Namba itapendeza kwa saa kadhaa, lakini mishipa itakuwa ile ile. Vivyo hivyo msimrundikie vidonge vyote vya kabatini siku mbili za mwisho. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2008, uliowapa wagonjwa dawa ya jamii ya atenololi kwa dozi kubwa kuanzia saa chache kabla ya operesheni, ulikuta mshtuko wa moyo umepungua lakini viharusi na vifo vimeongezeka. Dawa inayorudishwa taratibu, kwa wiki kadhaa na chini ya daktari, huupa mwili nafasi ya kuzoea. Inayorudishwa kwa pupa hainyimi hatari nafasi.

Sindano ya mgongoni ni njia nzuri, na kwa operesheni ya mama huenda ikawa ndiyo watakayochagua. Lakini nayo hulegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili na kushusha presha, wakati mwingine kwa kasi, hasa kwa mtu aliyekaa bila kunywa maji au anayetumia dawa ya kukojosha. Isitoshe, ganzi ikikataa kushika vizuri humlazimu mtaalamu kubadili njia operesheni ikiendelea. Katika hospitali zetu nyingi njia hiyo ya pili ni ketamini, ambayo yenyewe hupandisha presha. Kwa hiyo rafiki wa kaka amesema kweli kwamba nusu kaputi inaweza kuepukwa, lakini siyo kwamba presha "si kitu".

Kuna jambo katika barua yako ulilipita haraka, nami limenishtua kuliko mlonge: diklofenaki ya kila siku. Dawa za maumivu za jamii hiyo hupandisha presha zenyewe, na zikikutana na losatani na dawa ya kukojosha zinaweza kuumiza figo. Inawezekana sehemu ya ile 194 inatoka duka la dawa. Kitunguu saumu kwa wingi nacho huweza kupunguza damu kuganda, na wataalamu hupenda kiachwe karibu wiki moja kabla ya kisu. Hayo mawili hayamo ndani ya kiapo kwa namna ile ile, sivyo? Mama hajakuomba ufiche magoti yake. Hapo pana mahali pa kuanzia mazungumzo na daktari ambapo hujamsaliti mtu.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Unaweza kurudi kwa mama kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Mwambie unachokijua sasa, kwamba namba ya daftari ndiyo itakayomwongoza mtu atakayeshika pumzi yake. Mwombe, si kwamba akuachie useme, bali aseme yeye. Hapa mnaweza kuomba miadi na mtaalamu wa usingizi kabla ya tarehe. Awe daktari au muuguzi aliyesomea usingizi, kazi hiyo ya kumwona mgonjwa mapema ni yake. Mwombeni amwone mama faraghani, bila kaka. Hatari ya njia hii ni kwamba mama anaweza kukataa, na siku zinakwenda.

Unaweza kusema mwenyewe. Wahudumu wamekula kiapo chao cha kutunza siri, na mwenye hekima ataweza kumwuliza mama upya, kwa upole, bila kukutaja. Lakini mama si mtoto, ataunganisha. Wewe ndiye utakayebaki naye nyumbani, na ni wewe tu anayekuambia kinachomuuma. Ukipoteza hilo, umepoteza kitu kikubwa, nami sitajifanya kuwa ni kidogo. Kuhusu kiapo chenyewe mimi si mwanachuoni, ila najua dini yenu haikumwacha mtu bila njia: mwenye kuapa kisha akaona jambo lililo bora kuliko alichoapia ana mafundisho yake, na kafara imetajwa katika Suratul Maida. Mwone mwalimu unayemwamini, umweleze bila kutaja majina. Huenda hata mama mwenyewe angekubali kukufungua, akijua imekulemea kiasi hiki. Umeshamwambia kwamba hulali?

Kumshirikisha kaka ni njia nyingine, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sasa. Anampenda mama, gharama anabeba yeye, lakini ana haraka, na mtu mwenye haraka akipewa siri huifanya fimbo. Bado kuna kitu unachoweza kumwambia bila kugusa siri yoyote: kwamba tarehe ni ya kusogezwa, na kwamba kidonge cha ulimi hakitatumika. Wiki 3 huenda zikatosha, huenda zisitoshe. Kuahirisha mara ya pili kutamuudhi, lakini hasira yake haitamdhuru mama.

Kuacha operesheni kabisa nako si upuuzi. Kizazi kilichoshuka mara nyingi si hatari ya leo na kesho, isipokuwa kama mkojo unaziba, au kumetokea vidonda na damu, hapo asisubiri. Ipo pete maalumu inayowekwa ndani kukishikilia kizazi, inayotolewa na kusafishwa kwa vipindi, na wanawake wengine huishi nayo vizuri au huitumia wakati presha inapangwa. Muulizeni daktari wa kina mama kama inamfaa. Ila usidhani kwamba operesheni ikiondoka na presha imeondoka. Ile 182 uliyoipima nyumbani, bila thieta wala kisu, inafanya kazi yake kwenye figo na ubongo kila siku anayoamka.

Na kunyamaza? Umeshalitaja mwenyewe, na woga wako nauelewa vizuri. Ningeongeza tu kwamba hata operesheni ikienda salama, vidonge vitarudi kabatini, na wewe utaendelea kuwa mlinzi wa kabati.

Sitakuambia uchague ipi. Wewe unaijua sauti ya mama akiwa na hofu na akiwa na msimamo. Mimi nina barua tu. Kwa wiki hii, ukipenda, pima presha yake nyumbani asubuhi na jioni, awe ameketi na kupumzika dakika 5, mkono uegemee usawa wa moyo, asiwe ametoka kuongea wala kunywa chai. Andika namba na tarehe kwenye karatasi, na mwache aisome yeye. Na mkienda kumwona mtaalamu wa usingizi, bebeni kwenye mfuko mmoja kila anachokimeza, zikiwemo pakiti za diklofenaki na kopo la mlonge, kisha umwachie mama mfuko huo aukabidhi kwa mkono wake.